Miezi Minne Iliyorukwa

Lifti ya jengo lile la ghorofa nane ilikuwa na adabu zake: ikiamua kukwama, ilingoja kwanza saa ya chakula cha mchana, watu wawe wengi na wenye njaa. Siku hiyo ilinasa watu saba kati ya ghorofa ya tatu na ya nne. Fundi alipoingia mbio na mkoba wa vifaa begani, ukumbi wa chini ulikuwa umefurika watu wanaopiga kelele kwa niaba ya wenzao walio juu.

"Fundi, fanya haraka, kuna mama mjamzito humo!" mlinzi alimwita.

"Si mjamzito, ni yule wa bima, amenenepa tu," msichana wa mapokezi alimsahihisha bila kuinua macho kwenye simu yake.

"Omba Mungu asiwe amekusikia," Fundi alisema, akazipanda ngazi mbili mbili.

Kwenye chumba cha mitambo juu ya paa aliachia breki, akalizungusha gurudumu kwa mikono mpaka lifti ikapanda taratibu na kusimama sawa na ghorofa ya nne. Akashuka, akatia ufunguo, akafungua mlango. Watu sita walitoka kwa kusukumana, kila mmoja na lawama yake. Wa saba hakutoka. Alikuwa amekaa sakafuni kwenye kona, gauni lake la njano amelikunja vizuri magotini, viatu vya visigino amevivua na kuvipanga pembeni kama yuko kwake. Penseli ilikuwa imechomekwa kwenye nywele, na mapajani alikuwa na bunda la karatasi.

"Dada, mlango uko wazi."

"Nimeuona. Namalizia ukurasa."

"Umenaswa dakika arobaini na bado unamalizia ukurasa? Basi hicho kitabu ni kitamu."

"Kitamu!" Aliinua uso, na Fundi akaona macho makubwa yenye uchovu na ucheshi kwa pamoja. "Kaka yangu, ningekuwa na pa kukimbilia ningekimbia. Lifti yako ndiyo imenilazimisha kufika sura ya kumi na mbili."

Fundi akacheka. Kisha akaitazama ile karatasi, na kicheko kikamkauka mdomoni. Pembeni mwa ukurasa, kwa wino wa bluu, palikuwa na tarehe iliyosahihishwa kwa mkono, na tarakimu saba ilikuwa na kijimstari katikati na mkia uliojikunja. Saba hiyo aliijua. Aliiandika yeye.

"Kinahusu nini?" aliuliza, ingawa hakuna mtu duniani aliyejua zaidi.

"Maisha ya mlevi mmoja aliyeacha pombe. Kinaitwa *Chupa Yangu ya Mwisho*. Sura kumi za mwanzo anakunywa, ananichekesha, ananiliza, namhurumia, namtukana. Sura ya kumi na moja anaacha. Kuanzia hapo amekuwa malaika, na malaika hana habari. Anaamka, anasali, anafanya mazoezi, anatushauri. Nimefika mahali namwombea arudie kidogo, walau tupate cha kusoma."

Fundi alipaliwa na mate yake mwenyewe. Akakohoa mpaka machozi yakamtoka.

"Pole! Vumbi la huko juu?"

"Vumbi," alisema Fundi.

Wala hakuna aliyemtuma kupeleka hilo bunda. Miezi miwili nyuma alikuwa ameliacha kwa msichana wa mapokezi ndani ya bahasha ya kaki, jina la bandia juu yake, kwenda kwa wachapishaji wa ghorofa ya sita. Aliwachagua wao kwa sababu moja tu, kwamba lifti yao aliifahamu. Jengo zima halikujua kwamba fundi wao aliwahi kulala kwenye mtaro akiwa amevaa kofia ya kazi.

Mwenye gauni la njano alivaa viatu, akasimama, akachomoa penseli na kuichomeka upya. Alikuwa mhariri wa ghorofa ya sita, na jengo zima lilimwita Penseli.

"Asante kwa kutuokoa, Fundi. Lakini napanda kwa ngazi."

"Lifti imepona."

"Hata malaika wangu anasema amepona," alijibu, akaondoka akicheka, visigino vikigonga ngazi.

Mtu mwenye akili angechukua bahasha yake na kuhama mji. Fundi alienda chumba cha mitambo, akakaa juu ya kopo la grisi, na akagundua mambo mawili kwa mpigo. Kitabu chake kilikuwa kibaya, na yeye alikuwa amempenda aliyesema hivyo.

*

Tangu hapo lifti ile ikawa mgonjwa wa kudumu. Kwa mujibu wa mkataba ilistahili kukaguliwa mara moja kwa mwezi. Sasa ilikaguliwa kila Jumatatu, na fundi aliyekwenda kuikagua alikuwa amepiga pasi ovaroli.

"Hiyo lifti inaumwa nini?" aliuliza Mjomba kwenye simu. Mjomba hakuwa mjomba wake wa damu. Alikuwa bosi wake, mzee wa nyaya na breki, naye pombe aliiacha zamani na kumshika Fundi mkono alipoacha ya kwake.

"Mlango unakwaruza, Mjomba."

"Mlango unakwaruza ghorofa ya ngapi?"

"Ya sita."

"Na huo mlango una miaka mingapi, umeolewa?"

"Mjomba!"

"Naulizia mlango tu, mwanangu."

Chumba cha Penseli kilikuwa na karatasi toka sakafuni mpaka dirishani. Feni ndogo ya mezani ilizungushwa kuelekea ukutani ili isipeperushe kazi, kwa hiyo ukuta ndio uliopata ubaridi na wenye chumba waliungua. Fundi alikuja na chai mbili kwenye vikombe vya karatasi, akakaa juu ya katoni la vitabu visivyouzika, akafundishwa kazi ya watu.

"Hii nini?" aliuliza Jumatatu ya tatu, akionyesha neno lililokatwa kwa mstari, na chini yake vidoto vya penseli vimepangwa kama mchwa.

"Hapo nilikosea. Nilikata neno, kisha nikaona lilikuwa zuri kuliko sentensi nzima. Siwezi kufuta wino, kwa hiyo naweka vidoto chini yake, na pembeni naandika 'Ibaki'. Mpiga chapa akiona vidoto, analirudisha neno mahali pake kana kwamba halijakatwa."

"Kumbe mnasameheana."

"Maneno tu. Waandishi hatuwasamehe. Huyu malaika wangu, kwa mfano." Akagonga bunda kwa kidole. "Sura ya tano mkewe wa zamani anamwacha, na yeye anatuambia 'niliumia sana'. Niliumia sana! Hata aliyejigonga kidole kwenye kitanda anaumia sana. Alifanya nini? Alikaa wapi? Alikula?"

Fundi alikumbuka alikaa jikoni siku mbili akisubiri birika lichemke, na jiko halikuwa limewashwa.

"Labda anaona aibu," alisema.

"Aone aibu kwake. Kwangu aandike."

Usiku huo hakuandika, maana alikuwa amechoka. Aliandika alfajiri, saa moja kabla ya kazi, birika likiwa limewashwa kwelikweli. Ijumaa bahasha mpya ikafika mapokezi. Jumatatu Penseli alimpokea mlangoni akiwa amevaa blauzi nyekundu, na macho yakiwaka.

"Fundi, hutaamini! Malaika amerudisha sura ya tano. Ameweka birika! Nimelia mpaka mkurugenzi kaja kuuliza nani kafariki."

"Lilikuwa zuri hilo birika?"

"Ningeweza kuolewa na hilo birika."

Fundi alikunywa chai yake yote kwa mkupuo mmoja, ikamchoma mpaka tumboni, na hakujali.

Hivyo ndivyo walivyokwenda miezi mitatu. Alilolalamikia Penseli Jumatatu lilipona Ijumaa. Na katikati ya Jumatatu na Ijumaa kukawa na matembezi, viti vya bustani, maji ya matunda maana Fundi alidai tumbo lake halipatani na vinywaji vikali, na simu za asubuhi zisizo na sababu.

"Umeamkaje, mpenzi wa lifti?"

"Nimeamka mwenyewe, mpenzi wa malaika. Unasoma nini?"

"Nasoma pakiti ya chumvi. Wamekosea neno nyuma."

"Wewe utakuja kusahihisha hata cheti chako cha ndoa."

Sauti ya Penseli ikalainika: "Anayekiandika aandike vizuri, basi."

Siku hiyo Fundi alifunga boliti moja mara nne.

*

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Fundi ilifika mwisho kwenye karatasi ya mraba-mraba.

Penseli alikuwa na desturi yake katika kazi. Kila kitabu cha maisha ya mtu alikitengenezea kalenda: mwezi kwa mwezi, mwaka kwa mwaka, kila tukio kwenye kisanduku chake. Mwandishi akisema alioa kabla hajazaliwa, kalenda ilimkamata. Jumatatu hiyo aliitandaza juu ya meza, akaweka chai pembeni.

"Njoo uone kitu. Huyu bwana anasema ana miaka sita hajaonja. Sawa. Ananihesabia kila kitu, hata mbwa wa jirani amepewa kurasa mbili. Mwaka wa nne, mwezi wa tatu, mama yake anapasuliwa goti. Ukurasa mzima wa goti. Kisha tunaingia mwezi wa nane. Mwezi wa nne yuko wapi? Wa tano? Wa sita, wa saba?" Aliviwekea kidole visanduku vinne vyeupe, kimoja baada ya kingine. "Mama mgonjwa, mtoto wa kiume mmoja, na miezi minne haipo. Hapa ndipo kitabu kilipo, Fundi. Vingine vyote ni vumbi."

Fundi alikitazama kisanduku cha kwanza. Aliona chumba cha kupanga chenye dirisha lililozibwa kwa gazeti, ambako alikaa miezi hiyo minne. Aliona simu mkononi mwake, na mama yake upande wa pili akimwambia leo amepiga hatua sita kwa magongo. Angeweza kusema pale pale. Chai ilikuwa ya moto, mlango umefungwa, na mwanamke aliyempenda alikuwa anamuuliza swali moja tu.

"Labda alisafiri kikazi," alisema.

Ulikuwa uongo ule ule aliompa mama yake.

Penseli alimtazama kidogo zaidi ya kawaida, kisha akaikunja kalenda. "Labda," alisema.

Alhamisi simu ikaita.

"Uko wapi?"

"Juu ya paa, mpenzi. Napaka nyaya grisi."

"Shuka ghorofa ya sita. Nimeshikilia mlango wa lifti kwa mguu, na watu wananitukana kuanzia chini mpaka juu, kwa hiyo usichelewe."

Fundi alishuka. Penseli alikuwa amesimama kwenye kizingiti cha lifti, mguu mmoja ndani na mmoja nje, kalenda mkononi. Hakucheka. Alimwelekeza ndani kwa kidevu, kwenye ukuta wa lifti, ambako nyuma ya plastiki iliyochakaa palining'inia kadi ya matengenezo. Ilikuwa ya miaka mitatu: kila mwezi mstari wake, tarehe yake, sahihi yake.

"Unajua nasoma kila kitu. Leo nilikuwa peke yangu humu, nikasoma hii. Saba hii nimeiona wapi? Yenye mshipi na mkia?"

Fundi alijifutia grisi ya viganja kwenye ovaroli.

"Nikaisoma yote. Sahihi yako, yako, yako. Kisha mwezi wa nne, si yako. Wa tano, wa sita, wa saba, ni msalaba wa mtu mwingine. Mwezi wa nane umerudi, na mkono unatetemeka." Akaibandika kalenda kwenye plastiki, kisanduku kwa mstari, na vikalingana. "Halafu nikakumbuka kwamba kila nililomwambia Fundi Jumatatu, malaika alilitengeneza Ijumaa. Mhariri mzima! Msichana wa mapokezi angenicheka mwaka mzima."

"Penseli, nilitaka kukwambia."

"Lini? Miezi mitatu nakumwagia moyo wangu na siri za ofisi, wewe umekaa juu ya katoni unanisikiliza kama redio."

"Niliogopa ukijua nilirudia utaniona mlevi."

"Kurudia ni ugonjwa, ningekupa pole!" Sauti ilimpasuka. "Lakini Jumatatu nilikuwekea vile visanduku vinne mezani. Nilikufungulia mlango. Ukaniambia labda alisafiri. Unanidanganya mimi kuhusu wewe, uso kwa uso, na chai yako uliyoninunulia ndiyo ninayokunywa."

Kutoka chini mtu alipiga kelele kwamba wengine wana kazi za kufanya. Penseli aliondoa mguu, akamwacha Fundi ndani, na mlango ukamfungia.

Toka siku hiyo alitumia ngazi. Ghorofa sita, asubuhi na jioni, kwa visigino, mchana pia akitaka kununua andazi. Alihema, alikasirika, aliwasalimia wafagizi wote kwa majina, na lifti hakuigusa.

*

Jumamosi, saa nne asubuhi, Mjomba alipokea simu.

"Uko wapi?"

"Nje ya baa," Fundi alisema.

"Nje au ndani?"

"Nje. Kuna kiti cha plastiki."

"Nje ni pazuri. Kalia hicho kiti." Kukasikika mlango wa gari ukifungwa. "Sasa niambie, ni penseli ndiyo imekuchoma?"

Fundi alimweleza yote, toka lifti hadi kalenda. Ndani ya baa mhudumu alikuwa anapanga chupa, na kila chupa ilipogusana na mwenzake, sauti ile ilimfikia Fundi kwenye meno. Mara ya mwisho ilianza hivyo hivyo, kwa kitu kidogo. Walikuwa wamekabidhi lifti mpya ya hospitali, mtu akampa bilauri moja ya kusherehekea, naye akajiambia aliyekaa miaka mitatu na nusu hashindwi na bilauri. Ilimchukua miezi minne kuimaliza bilauri ile.

"Mjomba, kwenye ile kadi ulinisainia wewe."

"Nilikusainia, na nilikosea. Nilimwambia mama yako uko safarini, nikadhani nimekusitiri. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Wewe kimekuumbua kikaratasi cha lifti, shukuru." Injini ilizimwa, na mzee mwenyewe akatokea kona ya mtaa, simu bado sikioni. "Huyo binti alikuuliza swali gani?"

"Miezi minne iko wapi."

"Basi si yeye wa kwanza kustahili jibu. Simama twende kwa mama yako."

Mama yake alikuwa mwalimu mstaafu wa hesabu, na goti lake jipya lilitabiri mvua vizuri kuliko redio. Mjomba alibaki nje akichunguza kengele ya mlango isiyo mbovu. Fundi aliingia jikoni, akamkuta anachambua mchele, akakaa chini karibu na miguu yake kama enzi za kufundishwa kuhesabu.

"Mama, ule mwaka wa goti, sikuwa safarini."

Mkono wa mama ulisimama juu ya mchele.

"Nilirudia. Miezi minne. Nilikuwa nimepanga chumba mtaa wa tatu kutoka hapa."

"Mtaa wa tatu." Alivua miwani. "Nilikuwa nakupigia kila jioni. Nakuhesabia hatua. Unaniambia mtandao mbovu, hunisikii."

"Mtandao ulikuwa mzuri, mama. Mbovu nilikuwa mimi. Siku uliyoniambia umefika mpaka mlangoni bila magongo, nilikusikia vizuri. Nilikata simu kwa sababu nilikuwa nalia."

Mama alirudia kuchambua mchele, mawe upande, mchele upande, na machozi yakamdondokea ungoni bila yeye kuyafuta. Fundi alitamani apigwe. Ingekuwa nafuu.

"Kwa hiyo," alisema mwishowe kwa sauti ya darasani, "juzi hapa nimeoka keki ya miaka sita. Jibu sahihi ni ngapi?"

"Miaka miwili na miezi mitano."

"Nimewasha mishumaa minne ya uongo, majirani wote wanapiga makofi."

"Ndiyo, mama."

"Umenikosea, baba. Umenikosea sana, na leo sitaki kukutania." Akaweka kiganja juu ya kichwa chake, kizito, akakiacha hapo. "Lakini mwanafunzi aliyekosea hesabu halafu akaja mwenyewe na daftari, huyo sikuwahi kumfukuza darasani. Mwambie huyo anayejificha kwenye kengele aingie, naye nina lake."

*

Fundi aliandika alfajiri nne mfululizo. Hakuandika kwa kompyuta. Aliandika kwa mkono kwenye karatasi ya mraba-mraba, na kila saba ilipokuja aliichora na mkia wake, bila kujificha. Aliandika gazeti lililoziba dirisha na habari iliyokuwa juu yake, ambayo aliisoma mpaka akaikariri. Aliandika hatua za mama yake, sita, kumi na moja, ishirini, na yeye anazihesabu akiwa na chupa mkononi. Akaandika baa, kiti cha plastiki, na ungo. Zikawa kurasa tisa. Mwishoni kabisa aliandika sentensi moja ambayo haikuhusu pombe, akaisoma, akaona ni ujasiri wa kipumbavu, akaikata kwa mstari. Kisha akaikata tena ili kuwa na uhakika.

Jumatatu iliyofuata, saa mbili kasorobo, alikaa kwenye ngazi kati ya ghorofa ya tatu na ya nne, amevaa ovaroli iliyopigwa pasi. Alisikia visigino kabla ya kumwona. Penseli alitokea kwenye kona amevaa gauni lile la njano, jasho puani, mkono kiunoni.

"Lifti inafanya kazi," Fundi alisema.

"Nasikia."

"Umepungua."

"Usinichekeshe, sijakusamehe." Alizitazama karatasi mapajani mwake. "Nini hizo?"

"Mwezi wa nne, wa tano, wa sita na wa saba. Sikuziacha mapokezi. Na mama ameshazisikia zote, kwa mdomo wangu."

Penseli akavua viatu, akavipanga pembeni ya ngazi, akakaa ngazi mbili juu yake, akachomoa penseli nyweleni na kunyoosha mkono.

Alisoma polepole. Watu walipanda na kushuka wakiwakwepa, na mama wa bima akasema heri ya wenye muda. Kwenye ukurasa wa pili Penseli alisahihisha herufi. Kwenye wa nne alicheka peke yake. Kwenye wa sita aliacha kusoma kidogo, akatazama ukuta, akajifuta macho kwa ukingo wa gauni. Fundi alikuwa ametazama vidole vya miguu yake muda wote.

"Hapa, magongo," alisema kwa sauti nzito. "Umerudia neno mara mbili."

"Nitalikata."

"Ukilikata nitakutia makofi. Nimesema umerudia, sikusema vibaya."

Akaendelea. Alipofika ukurasa wa tisa, aliugeuza kidogo kuelekea mwangani, maana chini kabisa palikuwa na sentensi iliyokatwa mara mbili na ilikuwa kazi kuisoma. Lakini yeye kazi yake ilikuwa kusoma visivyosomeka. Fundi alitaka kuvuta karatasi, akaogopa ingechanika.

"Hiyo nimeifuta," alisema haraka. "Hiyo si sehemu ya kitabu."

"Kimya, mwandishi. Nipo kazini."

Aliuweka ukurasa juu ya goti, akauzuia kwa mkono wa kushoto asione, akaandika kitu kwa muda mrefu kuliko neno moja linavyohitaji. Kisha alimrudishia karatasi zote tisa, akachukua viatu vyake mkononi, akaanza kupanda peku bila kugeuka nyuma.

Fundi alifungua ukurasa wa mwisho. Chini ya mistari miwili ya wino wake mwenyewe bado ilisomeka: *Nataka kumuoa mwenye penseli, akinikubali.* Na chini ya kila neno, toka la kwanza hadi la mwisho, palikuwa na vidoto vidogo vidogo vimepangwa kama mchwa. Pembeni, kwa mwandiko safi wa ghorofa ya sita, paliandikwa: *Ibaki.*

Alipiga ukelele uliosikika mapokezi, akasahau mkoba wa vifaa, akazipanda ngazi tatu tatu.

"Taratibu!" sauti ilimjia kutoka juu, ikicheka. "Fundi mzima, huna lifti?"